Faini ya Kofia Mpya

Mtu akiniuliza kikundi chetu hapa Lamu kinafanya nini, jibu la haraka ni kwamba tunatozana faini. Kusafisha ufuo, kutengeneza bomba la madrasa, kumtafutia mgonjwa nauli ya boti mpaka Mokowe kule bara, hayo yote yapo, lakini yanakuja baadaye. Kila Jumatano baada ya Alasiri tunakutana kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Langoni. Wanaume hukaa baraza ya upande wa njia, wanawake baraza ya upande wa ndani, mkebe wa maziwa ya unga unawekwa katikati, na kwa muda wa kama nusu saa watu wazima wenye wajukuu wanashtakiana kwa makosa ambayo hakuna mahakama ingekubali kuyasikiliza.

Mimi ndiye mweka hazina. Kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, nilibebeshwa na daftari la kumbukumbu pia. Hivyo ninayoyasema nimeyaona kwa karibu, na nayasema kwa ajili ya yeyote anayetaka kuanzisha kikundi mtaani kwake na anahofia kitakufa kabla hakijatimiza mwaka.

Kabla ya hiki kulikuwa na kingine, nami nilikuwa mwanachama. Kilikuwa na katiba, muhuri, karatasi zenye nembo, mwenyekiti na makamu wawili. Kikapata mfadhili, na mfadhili akaleta posho ya kikao. Hapo ndipo kilipoanza kuugua. Watu wakawa wanakuja kwa ajili ya bahasha. Ajenda ya saa moja ilikatwa vipande vitatu ili vikao viwe vitatu. Kucheka kulionekana utovu wa nidhamu, maana huenda mgeni akadhani hatuko makini. Mradi ulipoisha, posho nayo ikaisha, na kikao kilichofuata ukumbini walikuwemo mwenyekiti, katibu na paka. Paka wa Lamu hawana posho lakini hawakosi kikao.

Hiki cha sasa kimepindua hesabu. Kule tulilipwa ili tukae, huku tunalipa ili tukae. Shilingi 20 haimtajirishi mtu wala haimfilisi, lakini aliyetozwa 20 wiki hii mbele za watu, wakamcheka mpaka machozi, lazima arudi wiki ijayo kutafuta pa kulipiza. Sijaona mahudhurio mazuri kama yanayoletwa na kisasi cha shilingi 20.

Mbegu ilitoka Mombasa. Mzee wetu mwanzilishi, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu ngazi, ujanani alikuwa mhudumu wa hoteli kule, na kila wiki alibeba sahani kwenye chakula cha mchana cha watu wa Rotary, klabu ya wafanyabiashara na wataalamu. Anasema mwanzo hakuelewa alichokuwa akikiona. Mawakili, madaktari, wenye maduka ya jumla, wanagonga kengele, wanaimba, kisha anasimama mtu mmoja wanayemwita Sajini anaanza kuwatoza faini: huyu kwa tai ya maua, yule kwa kuonekana gazetini, mwingine kwa kununua gari bila kuwaambia wenzake. Na wanacheka, na wanalipa!

“Nikajiuliza,” husema, “hawa matajiri, mbona hawagombani?”

Baadaye niliisoma historia yao, nikaona mzee hakukosea kuanzia kwenye kicheko. Paul Harris alikuwa wakili aliyelelewa mji mdogo wa Vermont, akaenda kufanya kazi Chicago, akajikuta ana wateja lakini hana marafiki. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao, Gustavus Loehr, na wakawa wanazunguka, leo kwako, kesho kwangu. Hawakuwa na mradi wowote mezani. Walitaka urafiki na kuleteana biashara, basi. Mpiga chapa Harry Ruggles alipojiunga akawaingizia mtindo wa kuimba vikaoni. Huduma kwa jamii ilikuja nyuma, na jambo la kwanza kubwa walilolishikia bango, kuanzia mwaka 1907, lilikuwa vyoo vya umma katikati ya jiji.

Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu kazi yetu ya kwanza nayo ilikuwa choo. Mlango wa choo cha wasichana katika shule moja ya msingi ulikuwa umeanguka. Chumvi ya bahari haisamehe bawaba, huila mpaka ikabaki unga wa kahawia. Wasichana wakawa wanakwenda wawili wawili, mmoja anaingia, mwenzake anasimama na leso akiitandaza mlangoni, na somo linawapita wote wawili. Fedha za mkebe zilinunua bawaba zisizoshika kutu na kitasa, mbao tulipewa, na fundi wetu hakutaka malipo. Alipomaliza akasema ngoja aujaribu mlango kwa ndani, akajifungia, na kitasa kikakataa. Alikaa humo mpaka bisibisi ilipopatikana. Jumatano iliyofuata alitozwa 20 kwa kuzindua mradi kabla ya wageni rasmi.

Ukiniuliza, ule mlango umefanya kazi kubwa kuliko semina zote za kile kikundi cha muhuri. Lakini nisitoke kwenye faini.

Sajini tulimwiga kwa watu wa Rotary, ila sheria za faini tulizitoa kwa Lions, klabu nyingine ya namna hiyo, wao nao waliozaliwa Chicago, mwaka 1917. Wana ofisa ambaye kazi yake ni kutoza wenzake ili kikao kichangamke, na kanuni zake zimeandikwa na mtu aliyewajua binadamu. Uamuzi wa ofisa haukatiwi rufaa. Faini haizidi kiwango kilichowekwa. Mwanachama hatozwi zaidi ya mara mbili katika kikao kimoja. Na ofisa mwenyewe hatozwi ila kwa kura ya wote waliohudhuria, asipinge hata mmoja. Tulizichukua zote nne kama zilivyo. Hiyo ya nne imetuletea mgogoro ambao nitaufikia.

Kengele hatuna. Muuza kahawa anapotua dele lake na kugonganisha finjani mbili, tak-tak-tak, kikao kimefunguliwa. Maalim anaomba dua fupi. Simu ikilia wakati wa dua, faini haina mjadala, na Maalim mwenyewe ilishamkuta. Simu yake ina mlio wa kaswida, akajitetea kwamba hiyo nayo ni ibada. Sajini akamjibu kwamba kaswida haikuwa kwenye ajenda. Maalim akatoa 20, akaomba dua ya pili ya kumwombea Sajini aongoke.

Siku nyingine Nahodha alikuja na kofia ya viua, ya kushonwa kwa mkono. Anayejua kofia hizo anajua mshonaji huikalia kwa wiki na wiki, na bei yake si ya kutajwa mbele ya mke. Sajini alimwacha anywe finjani moja kwanza.

“Nahodha, hiyo kichwani ni nini?”

“Kofia.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

“Tuliarifiwa?”

“Ndiyo nimeileta muione.”

“Basi tumeiona. Ishirini kwa kuinunua kimyakimya. Na ishirini nyingine kwa kuinamisha kichwa kila ukimsalimia mtu, ili tuione vizuri.”

Nahodha alilipa zote mbili, na wakati wa kutia mkebeni akainamisha kichwa.

Sheria muhimu kuliko zote, hata hivyo, haikutoka Chicago. Ilitoka kwenye jozi ya ndara. Siku za mwanzo yule fundi wetu, ambaye kazi yake hasa ni kuunda majahazi, alikuja na ndara moja ya buluu na moja ya kijani. Sajini hakuweza kuiacha nafasi ile. Watu wakacheka, fundi akacheka, akatoa 20 yake. Jumatano iliyofuata hakuonekana. Na iliyofuata pia. Sisi wengine tulisema ana kazi. Sajini, na ndiyo maana namheshimu, baada ya Isha alikwenda kubisha hodi kwake. Akakuta kwamba mwenye jahazi alikuwa ameishiwa, kazi imesimama, na ile 20 ilikuwa ya mkate wa asubuhi.

Kikao kilichofuata Sajini hakutoza mtu. Aliniambia niandike kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba mtu anatozwa kwa alichopata na hatozwi kwa alichokosa. Hakuna aliyepinga. Tangu hapo aliyerudi na mtego mtupu hatozwi, aliyeuguliwa hatozwi, anayevaa kanzu ileile kila wiki hatozwi wala hatajwi. Kofia mpya, mashine mpya ya boti, binti aliyeposwa, mtoto aliyefaulu, aliyemfunga mwenzake bao mara tatu mfululizo, hao ndio riziki ya mkebe.

Matokeo yake sikuyatarajia: watu walianza kujishtaki. Mama mmoja husimama, anatia 20, anasema, “Mwanangu amenipigia simu kutoka Mombasa bila ya kuomba pesa,” anakaa. Fundi naye alirudi siku jahazi lilipoanza tena kugongwa misumari. Kabla hajatua kwenye baraza alinyoosha mguu tukaona ndara mpya, rangi moja kulia na kushoto, akatoa 20 yake bila kuulizwa.

Kiwango cha juu cha faini kwetu ni shilingi 50, na faida ya kuwa na kiwango tuliijua karibu na uchaguzi. Mheshimiwa mtarajiwa mmoja alipita kutuamkia, akaketi, akanywa kahawa, akasikia utaratibu, akainuka akasema anajitoza mwenyewe kwa furaha ya kuwa pamoja nasi. Akatoa noti ya elfu moja, akaishika juu kidogo, maana alikuja na mtu wa kupiga picha. Sajini aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante sana mheshimiwa, akaniletea. “Mwalimu, kata 50, umrudishie 950.” Nilikuwa na sarafu tupu. Nilihesabu moja moja, mpaka mwisho, na kikao kizima kimenyamaza kwa adabu wanasikiliza sarafu. Picha hiyo sijaiona popote.

Nimeulizwa mara nyingi kama si ujinga kurudisha 950 wakati kuna madrasa inavuja. Jibu langu ni kwamba siku mtu mmoja akijaza mkebe, wengine hawana sababu ya kutia 20 zao, na asiyetia hana sababu ya kuja. Madrasa tuliitengeneza kwa mchango wa kando, wenye risiti. Mkebe haujawahi kujenga kitu kikubwa na sidhani kama utajenga. Hununua vitu ambavyo hakuna mfadhili anayeviandikia bajeti: washa ya bomba, kufuli, balbu ya kwenye ngazi ya bibi asiyeona vizuri, glavu za siku ya ufuo.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo. Watu wa Rotary walitukubali rasmi mwaka 1989 tu, baada ya klabu ya Duarte kule California kufukuzwa kwa kuingiza wanawake na kesi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilitoa hukumu mwaka 1987. Huku hatukwenda mahakamani. Mzee alisema tangu mwanzo kwamba kikundi cha wanaume peke yao hakitajua ni nani mgonjwa mtaani, na ni kweli. Habari za nani hajapika tangu jana hazipiti kwenye baraza za wanaume. Tatizo letu lilikuwa jingine. Bi mmoja alimshtaki mumewe kwa kununua simu na kumtajia nusu ya bei. Daka lilipasuka kwa vicheko, mume akalipa, na nasikia kwa siku kadhaa nyumba ile ilizungumza kupitia watoto. Tukaongeza kanuni kwamba ya chumbani hayaletwi mkebeni ila wote wawili wakiridhia. Wapo wanaoridhia. Hao ndio burudani yetu kubwa, na nina hakika wengine hupanga mashtaka nyumbani kabla ya kuja.

Kazi ya ufuo huwa Jumamosi moja ya mwezi, maji yakishakupwa. Tungekuwa tunabembelezana kwenda kama tusingegawana Langoni kwa Mkomani. Ushindani wa mitaa hii miwili ni mkongwe, na ukitaka mtu wa Mkomani ainame kuokota chupa mwambie tu Langoni washajaza gunia la pili. Magunia yanapimwa kwenye mizani ya samaki, na mtaa ulioshindwa ndio unaolipia kahawa ya Jumatano. Mara moja gunia la upande mmoja, sitautaja, lilikutwa na mchanga mbichi chini. Faini iligawanywa kwa mtaa mzima.

Takataka zenyewe siku hizi zina heshima yake. Jahazi la Flipflopi liliundwa hapahapa Lamu, likiongozwa na fundi Ali Skanda, kwa plastiki ya tani 10 hivi na ganda la vipande vya ndara zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Watoto waliliona kwa macho yao, na hilo limetupunguzia hotuba. Mtoto akiokota ndara ufuoni haulizi tena ya nini.

Sasa ule mgogoro. Tunaye mwanachama kutoka kisiwa cha Pate, mfanyabiashara mwenye duka hapa mjini, na mara nyingi Jumatano huwa ndiyo kwanza anatoka kwao. Boti za Pate hupita mlango wa Mkanda, katikati ya mikoko, na maji yakipwa hapapitiki, ni kungoja. Basi anafika amechelewa, viatu mkononi, na utetezi wake ni ule ule: “Yeo Mkanda hauna mai.” Kwa kanuni hatozwi, kwa sababu maji ni kitu alichokikosa. Lakini kutajwa hatuzuii, na hapo ndipo vita vya Shela, kijiji cha hapahapa kisiwani, vinapoingia.

Asiyejua kisa hicho, ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 majeshi ya Pate na ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yalishuka Shela kuivamia Lamu. Watu wa Lamu wakawashinda, na masimulizi yanasema waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliishia pale ufuoni. Kwa hiyo kila mtu wa Pate akisema amecheleweshwa na maji, lazima atokee mmoja wa kumwambia kwamba ugomvi wenu na maji kupwa ni wa tangu Shela. Yeye hucheka zaidi yetu, na duka lake limeshatoa glavu za ufuo kuliko mkebe.

Sajini tumemvizia kwa muda mrefu. Amepata mjukuu, hakutozwa. Amepaka rangi nyumba, hakutozwa. Mwezi uliopita alikuja na miwani mipya yenye fremu ya dhahabu, akaitoa mfukoni, akaipangusa, akaivaa, akatutazama mmoja mmoja kana kwamba ndiyo kwanza anatujua. Kura ikaitishwa papo hapo. Mikono yote iliinuka, ya baraza zote mbili, hata ya muuza kahawa ambaye si mwanachama. Mmoja tu ndiye aliyekunja mikono yake.

“Nitaunyanyua,” akasema yule wa Pate, “siku daftari litakapoandika kwamba Shela hamkutushinda nyinyi. Yalitushinda maji.”

Sajini akavua miwani, akaipangusa tena, akairudisha puani. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kalamu ninayo mimi. Na mimi kwetu ni Langoni.